Injini ya Datsun 240Z: Nani Athibitishe Kuwa Ni Orijino?

Muuzaji wa gari la kale akishafungua boneti, neno la kwanza kumtoka ni "orijino". Injini orijino, kabureta orijino, hata bolti orijino. Kwa Datsun 240Z neno hilo lina bei yake. Mwaka 1970 gari hili likiwa jipya liliuzwa Marekani kwa dola 3,526. Januari 2020 moja la mwaka 1971 lilinunuliwa hukohuko, kwa mnada wa mtandaoni, kwa dola 310,000. Si kila 240Z inafikia bei hiyo, na nyingi haziikaribii. Hata hivyo, pengo la bei kati ya gari lenye injini iliyozaliwa nayo na lile lililobadilishiwa limekuwa kubwa vya kutosha kumshawishi mtu mwenye tamaa achukue nyundo na namba za chuma agonge anachotaka.

Afrika Mashariki gari hili hatukulisoma magazetini tu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally wakiwa na 240Z, na nyuma yao wakaja Shekhar Mehta na Mike Doughty, nao katika 240Z. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana kwa adhabu na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun ya aina nyingine. Gari lililoshinda 1971 limehifadhiwa na Nissan, kampuni iliyounda Datsun, katika ghala lake la magari ya kihistoria huko Zama, Japani. Tangu 2003, mashindano ya Safari ya magari ya kale yamezirudisha 240Z kwenye vumbi la Kenya na Tanzania, na vumbi halina huruma kwa injini. Kwa hiyo suala la spea ipi ni ya kweli na ipi ya kusingiziwa linawahusu mafundi wetu leo hii.

Ugumu unaanzia kwenye sifa nzuri ya injini yenyewe. Nissan haikuunda L24 kama injini ya pekee. Iliunda ukoo mzima. L16 ya silinda nne, iliyoendesha Datsun 1600, ina kipenyo cha silinda cha milimita 83 na mwendo wa pistoni wa milimita 73.7, jumla cc 1,595. Ongeza silinda mbili za vipimo hivyohivyo na utapata L24 ya 240Z, cc 2,393. Baadaye ikaja L26 ya 260Z, yenye kipenyo kilekile cha 83 lakini mwendo wa pistoni wa 79, kisha L28 ya 280Z, 86 kwa 79. Kwa nje ndugu hawa wa silinda sita wanafanana mno. Bloki ya L28 inakaa kwenye mikono ya injini ya 240Z bila kukatakata chochote, na giaboksi inaungana nayo kama kawaida. Hata konrodi za L16 na L24 zina urefu mmoja, milimita 133.

Tena injini ya L24 haikufungwa kwenye gari la michezo peke yake. Ilikuwamo ndani ya Datsun 240C, ambayo ni Cedric ya watu wazima, na ndani ya 240K iliyotokana na Skyline. L28 nayo iliingia kwenye Patrol za petroli za miaka ya 1980, zilizosambaa hadi Ghuba. Fundi wa Mombasa, Arusha au Muscat aliyeletewa 240Z yenye injini iliyopasuka miaka hiyo alifanya jambo la busara kabisa: alitafuta ndugu wa karibu akamfunga, gari likatembea. Hakuwa akighushi. Alikuwa akiokoa gari ambalo wakati huo halikuwa na thamani zaidi ya mkweche. Tunayemtafuta leo ni yule anayelichukua gari hilohilo na kuliuza kama halikuwahi kuguswa.

Mahali pa kwanza watu wanapokimbilia ni namba ya injini. Kwenye L24 imegongwa upande wa kulia wa bloki, nyuma, pembezoni kabisa karibu na pale silinda hedi inapokaa. Inaanza na L24, kisha tarakimu. Namba hiyo haifanani na ya chesisi, na haikukusudiwa kufanana, ingawa wanunuzi wengi wageni huitarajia ifanane. Chesisi ina mfululizo wake: HLS30 kwa magari ya usukani wa kushoto, HS30 kwa ya usukani wa kulia yenye L24. Kinachoziunganisha namba hizo mbili ni bati dogo lililofungwa ndani ya chumba cha injini kwenye magari ya kuuzwa nje, lenye ujazo wa injini, nguvu, namba ya injini na namba ya gari. Mwenye Jaguar E-Type anaweza kuomba kwa hifadhi ya kumbukumbu ya Jaguar cheti kinachotaja namba ya injini iliyotoka kiwandani. Mwenye 240Z tegemeo lake kuu ni bati hilo.

Na bati linanunulika. Zipo nakala mpya zinazouzwa zikiwa tupu, tayari kwa kugongwa. Ndiyo maana mtu anayesema "namba zinalingana, basi mambo yamekwisha" hajaanza kazi. Bati na bloki ni mashahidi wawili ambao mtu mmoja anaweza kuwafundisha maneno ya kusema. Lazima watafutwe mashahidi wengine, hasa wale ambao hakuna aliyefikiria kuwahonga.

Shahidi wa tatu ni silinda hedi. Angalia upande wa plagi. Utaona herufi na namba zilizonyanyuka, ambazo zilitoka na kalibu wakati hedi inamiminwa na hazikugongwa baadaye. Tofauti hiyo ina uzito. Namba ya kugonga inazama ndani ya chuma na inaweza kuongezwa siku yoyote. Namba ya kalibu imesimama juu ya uso, na kuibadilisha ni kazi ngumu inayoacha kovu. L24 za mwanzo zilikuja na hedi ya E31, yenye vyumba vidogo vya kuchomea mafuta. Mnamo 1971 ikaanza kuingia E88, yenye vyumba vikubwa kidogo. Ukikuta N42 au N47, hiyo ni ya enzi za 280Z. P79 na P90 ni za 280ZX.

Kwa hiyo 240Z ya mwanzoni mwa 1970 yenye hedi ya E88 tayari ina swali la kujibu, hata kama namba ya bloki ni safi. Ile yenye N42 ina maswali mengi zaidi, maana N42 ina vali za kuingiza za milimita 44 na za kutoa moshi za 35, badala ya 42 na 33 za hedi za awali. Fundi anayependa nguvu ataisifu, na ana haki. Anayetafuta ukweli wa gari atainama atazame matundu ya kuingiza hewa. Hedi zilizotengenezwa kwa ajili ya mfumo wa kupuliza petroli zina kijishimo kilichochongwa juu ya kila tundu, mahali ambapo mdomo wa injekta ulielekezwa. E31 haina kijishimo hicho. N47, zaidi ya hapo, ina matundu ya moshi ya mviringo yaliyowekewa bomba la chuma ndani, ilhali ya E31, E88 na N42 ni ya mraba. Kwa kutoa manifoldi tu, bila kufungua injini yote, unaweza kumaliza ubishi wa siku nzima.

Hata hivyo E88 ina mtego wake: haikuishia kwenye 240Z, iliendelea hadi 260Z ya 1974, ikiwa na vyumba vikubwa zaidi. Herufi ni zilezile, kifaa si kilekile. Siku hedi inapofunguliwa, mtu makini hupima ujazo wa chumba kwa mafuta na bomba la sindano, na hapohapo hupima silinda. Kipenyo cha 86 kinaitaja L28 papo hapo. Kipenyo cha 83 hakitoshi kuthibitisha L24, kwa sababu L26 nayo ni 83. Inabidi kupima pistoni inasafiri kiasi gani kutoka chini hadi juu. Ikisafiri milimita 79, kilichomo ndani si L24, hata kama nje imegongwa L24 mara kumi. Kipimo hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote, kwa kuwa hakisomi maandishi ya mtu yeyote.

Kwenye kabureta suala linakuwa zito zaidi, kwani hapo ndipo neno orijino linagawanyika. 240Z za 1970 hadi 1972 zilikuja na kabureta mbili za Hitachi zenye kofia ya mviringo, zilizofuata muundo wa SU wa Uingereza: za mwanzo kofia imefungwa kwa skrubu nne, za 1972 kwa skrubu tatu. Mwaka 1973, ili kupunguza sumu ya moshi, Marekani ilipata kabureta za kofia bapa. Zilikuwa na vifaa vingi vya ziada na zilisumbua kwenye joto. Petroli ilichemka ndani, injini ikakataa kuwaka. Wamiliki wakazing'oa kwa maelfu na kufunga zile za kofia ya mviringo, ambazo hadi leo zinasifiwa kwa unyofu wake. Matokeo yake, 240Z ya Marekani ya 1973 unayoiona ikiwaka vizuri, yenye kabureta nzuri za Hitachi zilizotengenezwa na kampuni ileile kwa gari lilelile, haiko kama ilivyotoka kiwandani. Na ile adimu yenye kofia bapa zake, inayokohoa foleni ikisimama saa nane mchana, ndiyo yenye haki ya jina.

Je, mmiliki alaumiwe kwa kuzitoa? Sioni sababu. Gari ni la kuendesha. Ila aliyezitupa zile bapa jalalani alitupa ushahidi ambao sasa hauna mbadala, na aliyeziweka kwenye sanduku darini alifanya jambo kubwa bila kujua. Ipo pia dhana kwamba kabureta tatu za Weber au Mikuni-Solex ni orijino kwa sababu magari ya mashindano yalifungwa kabureta za namna hiyo. Hizo ni halali kwa gari la mashindano lenye historia iliyoandikwa. Kwa gari lililouzwa kwa daktari au mfanyabiashara na kuegeshwa nje ya ofisi, ni pambo la baadaye, hata likipendeza vipi.

Tunapozungumzia kifaa, basi, kuna ngazi ambazo muuzaji hupenda kuzichanganya. Kipo kifaa kilekile kilichotoka kiwandani ndani ya gari hilohilo. Kipo cha aina ileile na wakati uleule, lakini kilitoka kwenye gari jingine. Kipo cha Nissan halali, kilichonunuliwa baadaye dukani kama spea, ambacho kiwanda kilikuwa kimekwisha kukibadili umbo. Na kipo cha kampuni nyingine, kizuri au kibaya. Hakuna aibu katika ngazi yoyote. Aibu ni kuuza ya pili kwa bei na jina la ya kwanza.

Hapa namba za spea za Nissan zinasaidia sana, na wauza spea wetu wa Gerezani na Grogan tayari wanazo kichwani. Tarakimu tano za mwanzo zinataja kifaa ni nini: 15208 ni filta ya oili, 11044 ni gasketi ya silinda hedi, 11041 ni silinda hedi, 13028 ni taimingi cheni. Kinachofuata baada ya kistari kinataja muundo, na ndiko zinakotoka alama kama N42 zilizo kwenye kalibu. Kifaa kinachoanza vizuri kwa 11041 lakini kikaendelea na herufi za enzi nyingine ni cha Nissan kweli, ni silinda hedi kweli, na bado si cha gari hili. Vilevile Nissan hubadilisha namba kadiri miaka inavyokwenda: unaagiza kwa namba ya 1970, unaletewa boksi lenye namba mpya na kifaa kilichoboreshwa. Boksi halisi la Nissan, kwa hiyo, linathibitisha ubora wa kilichomo. Halithibitishi kwamba ndicho kilichokuwamo tangu mwanzo.

Sasa nije kwenye vitu vidogo, ambavyo kwangu ndivyo vyenye ukweli mwingi. Chukua bolti. Kwa kawaida ya Kijapani, bolti ndogo ya milimita 8 inafunguliwa kwa spana namba 12. Ya kawaida ya Ulaya, yenye nyuzi zilezile, inataka spana namba 13. Zote zinaingia kwenye tundu moja na kushika vizuri. Pitia injini inayosemwa haijawahi kufunguliwa, ukiwa na spana namba 12 mkononi. Ikikubali kwenye bolti zote za milimita 8 za kava ya mbele ila mbili, mbili hizo zimetoka dukani, na kuna siku kava hiyo ilifunguliwa. Juu ya vichwa vya bolti za Kijapani za wakati ule mara nyingi utakuta tarakimu moja, kama 4, 7 au 9, inayoonyesha ugumu wa chuma. Anayeghushi namba ya injini hana muda wa kutafuta bolti zenye 7.

Kisha fungua kava ya vali, kazi ya dakika chache. Gia ya kamshafti ina matundu matatu ya pini, yenye namba 1, 2 na 3. Kwa kawaida injini huanza maisha kwenye 1. Cheni ikitanuka, au hedi ikiskimiwa na kushuka kimo, kamshafti inachelewa, na fundi huihamishia kwenye 2, kisha 3. Ukikuta pini kwenye 2, injini hiyo imeshughulikiwa, chochote anachosema muuzaji. Kimo cha hedi mpya ni karibu milimita 108. Kikiwa kimepungua sana, hadithi ya kutoguswa imeisha. Tazama pia minara inayobeba kamshafti: ilitobolewa ikiwa imefungwa kwenye hedi yake, hivyo mnara wa hedi nyingine mara nyingi hufanya kamshafti ikabe. Kamshafti inayozunguka kwa uzito ni dalili ya hedi iliyounganishwa kutoka vipande vya injini mbili.

Rangi nayo inasema. Bloki ya L24 ilitoka kiwandani na rangi ya buluu, na masalia yake hubaki kwenye pembe ambazo brashi ya chuma haifiki: nyuma ya mkono wa injini, chini ya pampu ya maji. Buluu iliyong'aa kila mahali, hadi juu ya gasketi na bolti, ni ya kopo la juzi. Haimaanishi udanganyifu, kwani mtu anaruhusiwa kupaka gari lake rangi. Inamaanisha tu kwamba uso umefunikwa, na kilichofunikwa hakiwezi kutoa ushahidi.

Hapo ndipo tunarudi kwenye namba iliyogongwa. Uso wa kiwandani una mikwaruzo sambamba ya mashine, na namba zimeikata mikwaruzo hiyo. Ukikuta uso laini kama kioo, au wenye miduara ya msasa, au wenye bonde dogo ukipitisha rula, basi kuna kitu kilifutwa. Tarakimu za kiwanda zina umbo la aina moja. Linganisha 4 na 4, 7 na 7, kwa picha za injini zenye namba za jirani. Kufuta namba si suala la wapenzi wa magari ya kale tu. Kadi ya gari ya Tanzania inabeba namba ya injini, kama ilivyo logbook ya Kenya, na kubadili injini ni jambo la kuandikisha kwa mamlaka. Namba iliyokwanguliwa inaliweka gari lako kwenye kundi moja na magari ya wizi mbele ya askari yeyote.

Hukumu yangu iko wazi. Gari lenye L28 ya Patrol, ambalo mmiliki wake anasema ni L28 ya Patrol, akaonyesha na risiti ya 1986, lina heshima zaidi kuliko lenye L24 iliyogongwa upya. La kwanza lina historia kamili, pamoja na mwaka ambao injini yake ya kwanza ilikufa na jinsi lilivyookolewa. La pili limefutiwa historia, na hakuna fundi atakayeweza kuirudisha, kwa sababu chuma kilichosagwa hakioti tena. Vyama vya magari ya kale na waandaaji wa mnada wanaotoa alama nyingi kwa "namba kulingana" bila kuuliza hedi, bolti na gia ya kamshafti wanahamasisha usagaji huo, na wanapaswa kubadilika.

Kama una 240Z, au unamfahamu mzee aliyewahi kuwa nayo siku za Safari, nakuomba mambo machache. Piga picha namba ya injini kabla ya kuosha wala kupaka rangi, na picha hiyo ioneshe uso wote unaoizunguka. Andika kwenye daftari kila kifaa kinachotoka, namba ya kalibu yake na siku kilipotolewa. Kabureta mbovu, hedi iliyopasuka, hata bloki iliyotoboka, usiviuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwa bei ya kilo. Vifunge, viandike jina la gari, na umkabidhi mnunuzi pamoja na ufunguo.